Mbizi, mnandi au kibisi: namna ya kumjua ndege aliyezama mbele yako

Ukimwona ndege mweusi-mweusi akizama na kuibuka katika ziwa, mto au bwawa la Afrika Mashariki, mara nyingi atakuwa mmoja kati ya hawa wanne: mbizi, mnandi kifua-cheupe, mnandi mkia-mrefu au kibisi mdogo. Wote huwinda chini ya maji kwa kupiga miguu, na wote hupotea pale tu unapoinua darubini. Ndiyo maana hata watu waliozaliwa na kukulia kandokando ya maziwa huwataja wote kwa jina moja, na wengine huwaita bata.

Ulinganisho huu ni wa mtu anayetaka kukata shauri: mwanafunzi wa biolojia, kijana anayeanza kazi ya kuongoza watalii, mwenye bwawa la perege anayetaka kujua ni nani anayemmalizia samaki, au yeyote anayependa kujua majirani zake wa ziwani. Ushauri wangu mkubwa ni huu: usianze na rangi. Anza na mdomo, kisha angalia anavyoelea, kisha anavyotoka majini. Mdomo unakuambia anawinda vipi, na uwindaji ndio uliomuumbia shingo yake, manyoya yake na hata namna yake ya kuruka. Ukilielewa hilo hutahitaji kukariri orodha ya alama.

Kwa nini rangi inapotosha

Mnandi mkia-mrefu aliyekomaa, akiwa katika msimu wa kuzaliana, ni mweusi wa kung'aa, ana kishungi kifupi kwenye paji na jicho jekundu. Msimu ukipita, weusi unafifia kuwa kahawia na upande wa chini unakuwa mweupe uliochafuka. Wachanga wake nao wana tumbo la weupe. Sasa mtu aliyesoma kwamba mnandi mwenye kifua cheupe ndiye yule mkubwa akikutana na huyu mdogo nje ya msimu, atampa jina lisilo lake bila wasiwasi wowote.

Kwa mnandi kifua-cheupe mambo yanageuka upande wa pili. Aliyekomaa ana weupe kooni na kifuani, kisha tumbo ni jeusi. Mchanga wake ana weupe unaoshuka hadi tumboni, kwa hiyo anaonekana ndege mwingine kabisa. Mbizi dume ana shingo ya rangi ya kutu yenye mstari mweupe unaoshuka ubavuni mwake kutoka karibu na jicho, na akiwa karibu hakuna wa kumfananisha naye. Lakini jike na mchanga wamefifia, mstari hauonekani vizuri, na jua likiwa nyuma yao wote wanne ni weusi tu. Kibisi mdogo hubadilika pia: mashavu na koo la wekundu wa kahawia wakati wa kuzaliana, pamoja na doa la manjano hafifu penye pembe ya mdomo, kisha hudhurungi tupu miezi mingine.

Kuna jambo jingine linalowachanganya wasomaji. Vitabu vingine vinamhesabu mnandi kifua-cheupe kuwa spishi inayojitegemea, Phalacrocorax lucidus. Vingine vinamweka chini ya mnandi mkubwa anayepatikana pia Ulaya na Asia, Phalacrocorax carbo. Ukikuta majina mawili katika vitabu viwili, jua ni ndege yule yule.

Mdomo: mkuki au ndoana

Hapa ndipo pa kutulia, kwa sababu ndipo kilipo kiini cha jambo lenyewe.

Mdomo wa mbizi, Anhinga rufa, ni mrefu, mwembamba, umenyooka na kuchongoka hadi ncha. Hauna kipindo chochote. Kingo zake zina meno madogo sana yaliyoelekea nyuma, ili samaki aliyekamatwa asiteleze. Mdomo wa mnandi, wa aina zote mbili, una ncha iliyopinda chini kama ndoana. Hata ukimwona kwa mbali, akigeuka ubavu utaona mwisho wa mdomo umekunjika. Wa mnandi mkia-mrefu ni mfupi na wa rangi ya manjano. Wa mnandi kifua-cheupe ni mnene zaidi, na ngozi iliyo wazi chini yake ina umanjano. Kibisi ana mdomo mfupi wa kudonolea, usio na mkuki wala ndoana.

Mbizi hawindi kwa mbio. Huingia chini ya maji taratibu, akatembeza mwili wake kati ya magugu na mizizi, shingo ameikunja, akingoja samaki asogee. Kwenye pingili ya nane ya shingo yake pana kiungo cha pekee. Misuli ikikaza, shingo nzima hufyatuka mara moja na mdomo unamchoma samaki ubavuni. Mara nyingi mdomo huwa umeachama kidogo, kwa hiyo samaki huchomwa na ncha mbili. Kisha mbizi huibuka na samaki aliyetungwa, humtikisa hadi achomoke, humrusha juu na kumdaka kichwa kikitangulia. Ukiona ndege anamrusha samaki juu namna hiyo baada ya kuibuka, usihangaike na alama nyingine.

Mnandi ni mkimbizaji. Miguu yake ipo nyuma kabisa ya mwili na vidole vyote vinne vimeunganishwa kwa utando, ilhali bata ana utando kwenye vidole vitatu tu. Hujisukuma kwa miguu yote miwili, humfuata samaki anakokwenda, na ile ndoana humbana asiponyoke. Akiibuka, samaki amebanwa kati ya taya, hakuchomwa. Mnandi kifua-cheupe anaweza kwenda chini sana, hata zaidi ya mita 20, ingawa kwa kawaida huwinda kwenye kina kidogo kuliko hicho. Yule mkia-mrefu hapendi kina. Yeye ni wa ukingoni, kwenye maji ya mita chache, akitafuta samaki wadogo, vyura na wadudu wa majini.

Tofauti hizi mbili, kuvizia na kukimbiza, ndizo zinazoeleza karibu kila kitu kinachofuata.

Anavyoelea

Mwindaji wa kuvizia anafaidika akiweza kuzama bila kupambana na maji yanayomsukuma juu. Manyoya ya mbizi hulowa kabisa, hayabebi hewa nyingi, na kwa hiyo mwili wake hukaa chini ya uso wa maji. Kinachobaki nje ni shingo na kichwa, na mtu asiyemjua huapa kwamba ameona nyoka. Mkao huo ni wa kawaida kwake. Anaweza kuogelea hivyo muda mrefu kisha akazama polepole pasipo hata kiwimbi.

Mnandi naye hukaa chini majini kuliko bata, lakini mgongo wake kwa kawaida unaonekana. Manyoya yake yana siri ambayo wengi hawaijui: sehemu ya nje ya kila unyoya hulowa, ya ndani hukataa maji. Anapunguza hewa ya kumwelesha, lakini bado anabaki na tabaka kavu karibu na ngozi la kumkinga na baridi. Anapozama hufanya kama kuruka kidogo mbele, kichwa kikitangulia. Mbizi haruki, hushuka tu.

Watu husema ndege hawa hulowa kwa sababu hawana mafuta ya kujipaka. Si kweli. Tezi ya mafuta iliyo juu ya mkia wanayo. Kulowa kwao kunatokana na muundo wa manyoya yenyewe, na kunawasaidia kazini.

Kibisi ni kinyume chao. Anaelea juu kabisa, mviringo, nyuma kama amekatwa mkia, manyoya ya makalio yamefumuka. Urefu wake ni sentimita 25 hadi 29 tu, uzito wake hata robo kilo haufiki. Akitaka kuzama kimyakimya hubana manyoya na kutoa hewa iliyomo, akazama taratibu. Akiwa na haraka huruka na kuingia kwa kishindo kidogo. Kwa ukubwa huo, watu wengi humdhania kifaranga cha bata aliyepotezana na mama yake.

Mabawa yaliyotandazwa

Picha ya ndege mweusi juu ya mti mkavu, mabawa yamefunguliwa kama anaomba, ni ya mbizi na ya mnandi pia, kwa hiyo mkao huo peke yake hausaidii kuchagua. Kibisi hafanyi hivyo kamwe. Lakini ukitazama kwa makini utaona jambo. Mnandi anakausha manyoya. Mbizi anakausha, na zaidi ya hapo anaota jua, kwa sababu manyoya yaliyolowa hadi ndani yanampotezea joto jingi. Watafiti waliomfuatilia ndugu yake wa Amerika, kule Florida, waliona kwamba huligeuzia jua mgongo, na hutandaza mabawa hata akiwa mkavu. Kwa hiyo ndege aliyetandaza mabawa asubuhi na mapema kabla hata hajaingia majini, akiupa mgongo upande wa jua, mwangalie mdomo vizuri: huenda ni mbizi.

Akiwa ametua hivyo, pata pia nafasi ya kupima mkia. Mbizi ana mkia mrefu, mpana mwishoni, wenye mifereji ya kukingamana juu ya manyoya ya kati, jambo linaloonekana kwa darubini nzuri. Mnandi mkia-mrefu ana mkia unaostahili jina lake ukilinganisha na mwili wake mdogo wa sentimita 50 hadi 55. Mnandi kifua-cheupe, ambaye ni sentimita 80 hadi 100, ana mkia mfupi unaoonekana kama haumtoshi. Jicho nalo linatofautisha minandi hao wawili vizuri kuliko tumbo: la mdogo ni jekundu, la mkubwa aliyekomaa ni la kijani.

Kupaa na kuruka

Mnandi hupaa kwa kukimbia juu ya maji akipiga mabawa hadi anyanyuke. Akishanyanyuka hupiga mabawa mfululizo, chini chini juu ya maji, na mnandi kifua-cheupe mara nyingi huwa katika mstari wa ndege wengi. Jioni kwenye Ziwa Viktoria, au kwenye Mfereji wa Kazinga huko Uganda unaounganisha Ziwa George na Ziwa Edward, mistari hiyo inapita moja baada ya nyingine ikirudi kulala.

Mbizi, kwa vile amelowa, kupaa kutoka majini kunamsumbua. Hupenda kwanza apande gogo au tawi, akitumia hata mdomo kujivuta. Lakini akishakauka na jua likapasha hewa, hufanya jambo ambalo minandi hufanya kwa nadra: hupanda juu kwa kuzunguka bila kupiga mabawa, kama wafanyavyo tai, mkia umetandazwa, shingo imenyooshwa ikiwa na kikunjo kidogo. Ukimtazama kutoka chini ni msalaba mwembamba. Hiyo ni alama ya uhakika kwa umbali ambao rangi na mdomo havionekani tena.

Kibisi karibu hutamwona akiruka mchana. Akifukuzwa hukimbia juu ya maji mita chache na kuzama.

Kibisi ni wa ukoo mwingine

Mbizi na mnandi ni ndugu wa kweli. Wote wamo katika oda ya Suliformes. Kibisi hahusiani nao. Utafiti wa vinasaba umeonyesha kwamba ndugu wa karibu zaidi wa vibisi ni heroe, wale flamingo wa Nakuru na Natron. Jambo hili lilinishangaza nilipolisoma mara ya kwanza na bado linanifurahisha, hasa kwenye maziwa ya Momella katika Hifadhi ya Taifa ya Arusha, ambako unaweza kuwaona kibisi mfupi na heroe mwenye miguu mirefu katika maji yale yale ya magadi.

Miguu yake inathibitisha utofauti huo. Haina utando wa kuunganisha vidole. Kila kidole kina mapande yake bapa ya ngozi pembeni. Kiota chake huelea, kimefungwa kwenye matete au magugu, na mzazi anapoondoka huyafunika mayai kwa majani yaliyolowa ili yasionekane. Makinda yana kichwa chenye mistari na hupanda mgongoni mwa wazazi. Na sauti yake ni kubwa ajabu kwa umbo lake: mlio wa kutetemeka unaopanda na kushuka, unaosikika kutoka ndani ya matete kabla ndege mwenyewe hajaonekana. Mbizi na minandi huwa kimya majini. Ukorofi wao wa sauti, ambao ni kukoroma na kugumia, huusikia kwenye viota.

Kwa kuwa kibisi hula wadudu na mabuu kwa wingi, anaishi hata mahali pasipo na samaki wa kutosha kumlisha mnandi: maziwa ya magadi, mabwawa ya kunyweshea ng'ombe, mabwawa ya maji taka kama yale ya Dandora jijini Nairobi.

Wawili wengine wanaweza kukuchanganya hapa. Kukuziwa mwenye paji jeupe, ambaye ni wengi Naivasha, ni mweusi na huzama pia, lakini mdomo wake ni mweupe na huibuka na majani, si samaki. Bata mgongo-mweupe huzama kwa ustadi mkubwa na hukaa chini majini; mtambue kwa doa jeupe chini ya mdomo wake wa bata. Mdiria hahesabiki kundi hili, kwani yeye hujitupa kutoka angani na kurudi angani papo hapo.

Mahali panavyosaidia kuamua

Mahali si ushahidi kamili, lakini panapunguza kubahatisha. Maji mapana na ya wazi, makundi makubwa, miamba iliyopakwa chokaa ya vinyesi, kama miamba ya Mwanza: mfikirie kwanza mnandi kifua-cheupe. Kijito, bwawa dogo, ukingo wa mafunjo, mlango wa mto wenye mikoko: mnandi mkia-mrefu, na mara nyingi yuko peke yake. Maji baridi yaliyotulia yenye miti inayoinamia au magogo yaliyosimama majini: mbizi. Maziwa ya mto Rufiji ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, yenye mashina makavu ya mivumo, ni makazi yanayomfaa mno.

Naivasha inastahili kutajwa peke yake. Tangu mwanzoni mwa muongo wa 2010 maziwa ya Bonde la Ufa yamepanda, na migunga iliyokuwa ufukweni imefia majini ikiwa imesimama. Kwa waliopoteza nyumba na mashamba ni msiba. Kwa minandi, miti hiyo ni mahali pa kutua na kujenga viota, mbali na wanyama wa nchi kavu. Nakuru nako binadamu alibadilisha mambo kwa namna nyingine: katikati ya karne ya 20 perege wadogo wa Ziwa Magadi waliletwa humo ili wale mabuu ya mbu, na ziwa ambalo halikuwa na samaki likaanza kuwavutia mwari na minandi.

Kwa wasomaji walioko Oman na Ghuba, orodha ni nyingine. Mnandi mweusi mzima mnayemwona kwa maelfu juu ya bahari ni mnandi wa Sokotra, Phalacrocorax nigrogularis, anayezaliana kwenye visiwa vya Ghuba na Bahari ya Uarabuni na ambaye idadi yake inatia wasiwasi. Mbizi wetu naye ana tawi la mbali katika mabwawa ya kusini mwa Iraki. Waliokuwa Ziwa Amik nchini Uturuki walitoweka ziwa lilipokaushwa.

Kwenye viota

Mbizi na minandi huzaliana pamoja na yangeyange na korongo kwenye miti iliyo juu ya maji, na hapo watu huchanganyikiwa zaidi kwa sababu wazazi wanaingia na kutoka. Tazama makinda. Ya mbizi yana malaika (manyoya laini ya kwanza) meupe. Ya minandi yana malaika meusi. Makinda ya mbizi yakitishwa hujiangusha majini na baadaye hupanda tena mti kwa mdomo na kucha. Ni vizuri kulijua hili, kwa sababu mashua inayosogea karibu mno na mti wa viota inaweza kuwaangusha wengi kwa mara moja, na si wote watakaorudi.

Kwa mwenye bwawa la samaki

Kabla hujamlaumu ndege, mtambue. Kibisi si adui wa perege wako wa kuuza. Anachoweza kumeza ni vifaranga wadogo sana, na anakula pia wadudu wanaowashambulia vifaranga hao. Mnandi mkia-mrefu anakula samaki wadogo na anaweza kukutia hasara kipindi umepandikiza vifaranga wapya. Mbizi huchoma samaki wa wastani, na utaona samaki wanaoelea wenye matundu mawili ubavuni, waliomponyoka. Mnandi kifua-cheupe, wakija kundi, ndio wa kuhofia zaidi, kwani ni wakubwa, hukimbiza, na hurudi mahali walipopata.

Dawa si sumu wala manati. Wavu wa juu ya bwawa unafaa, mradi uwe wa kamba nene inayoonekana na uvutwe ukaze. Wavu uliolegea wa uzi mwembamba ni mtego, na utamwua hata mdiria na yangeyange ambaye hakukukosea.

Nyavu ziwani

Na hapa nasema kwa uchungu. Ndege anayewinda chini ya maji hauoni uzi wa nailoni kama vile samaki asivyouona. Nyavu za timba, zile za uzi mmoja wa plastiki zilizopigwa marufuku, ndizo mbaya kuliko zote, kwa sababu hazionekani na zikipotea zinaendelea kuvua. Kibisi kishungi, ndugu mkubwa wa kibisi mdogo, alikuwa akizaliana kwenye maziwa ya nyanda za juu za Kenya. Leo kumwona ni bahati kubwa, na nyavu ni mojawapo ya sababu. Huko Madagaska kibisi wa Ziwa Alaotra alitangazwa kuwa ametoweka duniani mwaka 2010, baada ya nyavu za nailoni, samaki wageni na kuchanganyika na kibisi mdogo. Ziwa moja lilitosha kuwa dunia yake yote.

Ukimkuta ndege mzima amenaswa, kumtambua kunakuwa jambo la usalama wako pia. Mbizi hurusha mdomo usoni, na shingo ile inafika mbali kuliko unavyodhani. Funika kichwa chake kwa kitambaa na umshike shingoni karibu na kichwa kabla ya kitu kingine chochote. Usimzibe mdomo kwa kuukaza, yeye wala mnandi, kwa sababu matundu yao ya pua yamezibika na hupumua kwa mdomo. Mnandi huuma na kung'ang'ania, lakini hachomi. Kibisi ni dhaifu; mshike kwa viganja viwili. Kata uzi kwa wembe au mkasi, usimvute, kisha angalia kama kuna uliobaki umezunguka bawa au mguu.

Baada ya hapo usimrushe juu. Minandi hubadilisha manyoya ya mabawa kidogo kidogo, kwa hiyo mnandi asiye na jeraha anaweza kuruka wakati wowote. Mbizi na kibisi hudondosha manyoya yote ya kurukia kwa pamoja na kukaa wiki kadhaa bila uwezo wa kuruka, ingawa ni wazima kabisa. Ukimwona na mabawa mafupi yenye mashina mapya ya manyoya, usimpeleke nyumbani ukidhani ameumia. Mweke kwenye maji tulivu karibu na matete au gogo, mbali na nyavu, umwachie aogelee.